Sura ya Saba: Ncha Zilizosokotwa

Ijumaa saa nne asubuhi, Sajini Puseletso Mokhele alirudi katika nyumba ya marehemu Tseko Ramathe kutazama vitu ambavyo havikuibiwa.

Kilichoibiwa alikwisha kukitazama vya kutosha, yaani pengo moja juu ya kabati la sebuleni, limezungukwa na vumbi pande zote. Hapo ndipo ilipokuwa resiva ya marehemu, ile mashine nzito yenye redio na amplifaya katika tumbo moja. Watu wa Thabong waliapa kwamba ikipandishwa sauti nusu tu, kuku wa mji wa jirani hutaga kabla ya siku zao. Ilitoweka jana, Alhamisi mchana, mjane akiwa kwenye sala ya akina mama. Mlango haukuvunjwa. Alasiri ile ile Puseletso alimtia pingu Pontsho Ramathe, mtoto wa marehemu, fundi redio, na kumpeleka mahabusu.

Uani wanawake kumi na wawili walikuwa wakikata kabichi na kumenya vitunguu vya kesho. Alipopita wakainua macho.

"Ndiye huyo aliyemfunga Pontsho," mmoja akasema, wala hakushusha sauti.

"Basi mpeni kisu amenye vitunguu, naye alie kidogo."

Puseletso akaamkia, akaingia jikoni. Mjane, Mme Disebo, yaani Mama Disebo kwa Kisotho, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, amevaa nyeusi kuanzia kilemba hadi soksi, kama alivyokuwa kwa mwaka mzima.

"Mme, samahani kukusumbua siku kama ya leo."

"Umeshanisumbua tangu jana, mwanangu. Kaa." Hakumpa kiti kizuri. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunafunua jiwe la kaburi. Kuna mwanamume mmoja tu mwenye haki ya kuvuta ile shuka inayolifunika, naye mmemlaza kwenye saruji."

"Mme, wewe ndiye uliyemtaja."

"Nilimtaja. Uliniuliza nani aliwahi kuitaka mashine, nikakujibu. Tangu akiwa na miaka sita nimemlea yule, kila anachokitaka nakijua. Lakini sikukwambia umpitishe na pingu mbele ya watoto wanaotoka shule."

Puseletso akafungua daftari.

"Nani aliwahi kuzigusa nyaya za spika?"

"Marehemu. Pontsho, kabla hawajakosana. Na Ntate Sekhobe, yule mzee rafiki yake wa mgodini. Basi. Mimi mwenyewe nilikuwa nafuta vumbi la mbele tu, huko nyuma sikuruhusiwa."

"Na mara ya mwisho mashine ilipigwa lini?"

"Siku moja kabla hajafa. Nilikwenda zahanati kumchukulia dawa ya kifua, nikamwacha na Ntate Sekhobe. Niliporudi nyumba ilikuwa kimya, wazee wawili wametulia. Nikasema moyoni, wamesikiliza wakashiba. Kesho yake akafa. Tangu hapo kitambaa juu. Nyumba ya msiba haipigi muziki mpaka jiwe lifunuliwe, hilo hata wewe unalijua."

"Kwa hiyo mwaka mzima hakuna aliyeiwasha?"

"Awashe nani? Nani anataka kuchapwa na ukoo mzima?"

"Na ufunguo wa mlango?"

"Chini ya chungu cha maua. Usiniulize nani anajua. Niulize nani hajui."

Kabla Puseletso hajanyanyuka, mlango wa nyuma ukajazwa na Mme Keneuwe, jirani na shahidi mkuu. Thabong ina watu wengi, lakini mashahidi huwa wengi kuliko watu, na Mme Keneuwe peke yake alihesabika kama wanne. Alijisifu kwamba humtambua mtu kwa mwendo hata ukuta ukiwa katikati.

"Nimesikia mnaulizana," akasema. "Nipo."

"Mme, jana ulisema ulimwona Pontsho akisukuma toroli. Uso wake uliuona?"

"Uso wa nini? Niliona mgongo. Ovaroli ya buluu ya mgodini, toroli, na blanketi juu ya mzigo."

"Thabong ina ovaroli za buluu ngapi?"

"Hesabu wanaume, toa mchungaji."

"Alikwenda haraka au polepole?"

"Haraka ya wapi! Alipumzika mara tatu kabla hata hajafika kwenye bomba. Ya tatu akaketi kabisa kwenye jiwe, akajishika kiuno hivi."

Puseletso akainua kalamu. Pontsho alikuwa na miaka thelathini na minne. Mwezi uliopita mtaa mzima ulimwona akibeba friji mgongoni na kupanda nalo ngazi, huku akila ndizi.

"Jana hukusema kwamba alipumzika."

"Jana hukuniuliza alikwendaje. Uliniuliza ni nani. Nikakupa nani."

Puseletso akaandika neno hilo pole pole, kama mtoto aliyeadhibiwa kuandika mstari mmoja mara mia. Kisha akaingia sebuleni peke yake.

Spika mbili zilisimama kwenye pembe zake, kila moja kubwa kama kabati la nguo la bibi harusi. Waya ulitoka mgongoni mwa kila spika, ukatambaa ukutani mpaka nyuma ya kabati, ukaishia hewani. Kila waya ulikuwa na nyuzi mbili, mmoja una mstari mwekundu, wa pili hauna. Jana alizipiga picha akaandika kwenye faili: *Hazikukatwa. Zimefunguliwa kwa utulivu kwenye vibanio. Mikono ya fundi.* Kwa maneno matatu ya mwisho Pontsho alilala ndani.

Leo akapiga magoti, akamulika kwa tochi. Ganda lilikuwa limechunwa kidogo mwishoni, shaba ikaonekana. Na shaba ya uzi wenye mstari ilikuwa imesokotwa pamoja na shaba ya mwenzake, barabara, mizunguko mitano, kama msuko wa mtoto anayepelekwa kanisani. Waya wa spika ya pili vile vile. Mizunguko mitano. Jana alikuwa ameuona msokoto huo. Aliuona akadhani ni unadhifu.

Akaifunga misokoto yote miwili kwenye mifuko ya plastiki bila kuifumua, akatazama saa. Tano kasoro robo. Kapteni wake, mwenye saini ya kuachilia mahabusu, hufunga kalamu kila Ijumaa saa kumi kamili na kwenda shambani kwake. Hata malaika akifika na barua saa kumi na dakika moja, atasubiri mpaka Jumatatu mahakamani. Na jiwe la Tseko Ramathe halikuwa na nafasi ya kungoja Jumatatu.

*

Pontsho aliletwa kwenye chumba cha mahojiano bila mkanda wala kamba za viatu. Mezani Puseletso alikuwa ameweka redio mbovu ya kituo pamoja na spika yake, zote zimeazimwa kutoka chumba cha chai.

"Nimekuja kuhukumiwa au kutengeneza?" Pontsho akauliza. "Kutengeneza ni bei nyingine."

"Fungua hizo nyaya za spika. Fungua kama unavyofanya siku zote."

"Ili uandike tena mikono ya fundi?"

"Fungua, kaka."

Akafungua. Hakuhitaji bisibisi, alilegeza vibanio kwa kucha. Akautoa uzi mwekundu, akaunyoosha, akatazama mezani huku na huku.

"Tepu nyeusi iko wapi?"

"Ya nini?"

"Ya kufunika ncha." Alipopewa, akaufunga kila uzi peke yake na kuzitenganisha pande mbili za meza, kama mwalimu anayewatenganisha watundu.

Puseletso akachukua waya mwingine, akasokota ncha zake mbili pamoja mbele ya macho yake.

"We dada!" Pontsho akamkamata mkono. "Unataka kuua mashine ya watu?"

"Imezimwa."

"Leo imezimwa, kesho atakuja mjinga aiwashe. Ncha hizi mbili hazigusani hata kwa busu. Zikigusana umeme unazunguka bure pasipo spika ya kuubeba, mashine inajikaanga yenyewe. Sekunde mbili, transista kwishnei. Baba alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kufunga tai. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, ukizibadilisha upande mmoja besi inamezwa, muziki unakuwa kama mtu anayeimba ndani ya ndoo. Lakini hilo ni kosa la kuchekwa. Hili la kwako ni kosa la kulia."

Puseletso akamsogezea picha. Pontsho akaitazama, kisha akaitazama tena kwa karibu.

"Hii ni ya nyumbani?"

"Ya nyumbani. Aliyeondoa resiva ndiye aliyeziacha hivyo."

"Basi mwizi wako hajawahi kushika pasi ya kulehemu maishani mwake." Akairudisha picha. "Na wewe jana ulikuwa nayo hii?"

"Nilikuwa nayo."

"Ulikuwa nayo, ukanipitisha mbele ya watu."

"Ndiyo."

Pontsho akacheka kidogo, kicheko kisicho na ndugu. "Unajua mtaani watasema nini? Alimkimbia baba yake akiwa hai, akamwibia akiwa amekufa. Miaka mitatu hatukusemeshana mimi na mzee, kwa sababu niliacha mgodi nikafungua kibanda. Mwisho wake ulipokaribia nilikaa kibandani wiki nzima, mlango wazi, nikingoja mtu aje aseme unaitwa. Hakuja mtu. Sawa, mzee alikuwa na kiburi chake, nilikirithi, sina lawama. Lakini kesho nilitaka kuvuta ile shuka. Hicho tu. Sikutaka mashine."

"Ulimwambia Mme Disebo kwamba utaichukua."

"Nilimwambia nitaichukua *niisafishe*, ipigwe kesho. Yeye akasikia nusu, wewe ukaandika robo."

Puseletso akakunja faili. Waliowahi kuzigusa nyaya zile walikuwa watatu. Mmoja yuko kaburini, na wa pili hawezi kusokota ncha hata kwa kulipwa.

*

Ntate Sekhobe aliishi mitaa miwili kutoka nyumba ya marehemu, katika nyumba safi kuliko hospitali. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, sikio la kushoto halisikii kabisa, la kulia likisikia linapopenda. Thelathini kati ya miaka hiyo alikuwa mlipua miamba, chini kabisa ardhini, mahali ambapo kwa maelezo yake jasho lilikuwa linachemka kabla halijadondoka. Ovaroli ya buluu ilikuwa inakauka kwenye kamba. Toroli lilikuwa limeegemezwa ukutani, limeoshwa.

Puseletso aliviona vyote viwili, akavipita.

"Ingia, mwanangu, ingia!" mzee akapaza sauti kama watu wako ng'ambo ya reli. "Umekula? Nani anakulisha huko polisi? Umekonda kama leseni!"

"Nimekula, Ntate. Nimekuja unisaidie jambo la ufundi. Wewe unaijua mashine ya Ntate Ramathe."

"Naijua? Jumapili ngapi tumekaa mbele yake sisi wazee wa klabu ya muziki, viatu vimeng'aa, kila mtu na sahani zake za santuri kwapani! Tseko alikuwa akiweka saksafoni, wanaume wazima wanalia, wake zao wanadhani ni vumbi la mgodi."

"Nionyeshe zilivyounganishwa. Mimi sijui chochote." Akamtolea kipande cha waya kipya, mita moja, wenye mstari mwekundu upande mmoja.

Sekhobe akafurahi. Akapasua waya katikati, akachuna maganda kwa meno, akatema plastiki kwenye kiganja kwa heshima. Akaonyesha: huu wenye mstari unakwenda kwenye kibanio chekundu, huu kwenye cheusi, unalegeza, unaingiza, unakaza, unavuta kidogo kuhakikisha. Alieleza vizuri. Puseletso akauliza swali moja la spika ya kulia, lingine la kushoto, mzee akajibu yote, na alipomaliza akauweka waya mezani ili ainue birika la chai.

Ncha mbili za shaba zilikuwa zimesokotwa pamoja. Mizunguko mitano.

Birika likabaki hewani. Mzee aliutazama ule waya kama mtu aliyekuta vidole vyake vimeongea bila ruhusa yake.

"Ntate, mbona umezifunga?"

"Ndivyo tunavyofanya. Ukichuna waya ukauacha, unafunga ncha. Zisije..."

"Zisije zikafanya nini?"

"Zikalipuka."

Akaweka birika chini. Sasa sauti yake haikuwa ya ng'ambo ya reli.

"Waya wa fataki ya baruti, mwanangu, ukiacha ncha zake wazi, umeme wowote wa kupotea unaweza kuingia ukaiwasha mkononi mwako. Ukizifunga pamoja, inalala. Nilimwona mtu aliyesahau, mwenzetu mmoja mcheshi wa kabila la Mpondo. Tulichopeleka kwao kilikuwa viatu. Tangu siku ile sijaacha waya wazi. Hata wa taa. Hata wa pasi ya mke wangu."

"Mashine iko wapi, Ntate?"

"Chini ya kitanda." Hakujaribu hata kukwepa. "Jana niliipeleka kwa fundi mmoja mji wa pili, akasema vipuri ni wiki mbili. Leo asubuhi nimeirudisha. Nilitaka iimbe kesho, basi, wala sikutaka kuiba. Kama ingetengenezwa jana hiyo hiyo, ningeirudisha usiku, kitambaa juu, asingejua mtu."

"Asingejua nini?"

Sekhobe akakaa. Saa ya ukutani ilikuwa inasoma saa nane na nusu.

"Kwamba mwaka mzima ilikuwa imekufa. Niliiua mimi. Siku ile Disebo alipokwenda zahanati. Tseko hakuweza kutoka kitandani, akasema nataka sahani moja tu, lakini nataka niisikie kwa kifua, siyo kupitia mlangoni. Nikasema subiri. Nikabeba spika moja mpaka chumbani kwake. Nikachuna waya mrefu, upande wa spika nikafunga ncha kwa mazoea yangu, upande wa pili nikakaza kwenye resiva. Nikaweka sahani, nikafungua sauti kabisa, nikakimbilia chumbani niunganishe, ili wimbo umkute ghafla, acheke. Sikufika mlangoni. Nikasikia harufu. Kama viatu vinavyoungua."

"Na yeye?"

"Alinusa kabla yangu. Alikuwa bado na pua. Akacheka, kikohozi kikamshika, kisha akasema..." Mzee akalisogeza birika.

"Akasema nini, Ntate?"

"Akasema, mwite Pontsho. Mwambie baba anamwita, aje atengeneze."

Nje jogoo wa mtu aliwika saa isiyo yake. Puseletso alikuwa na kalamu mkononi, lakini hakuandika.

"Ukaenda?"

"Nilikwenda mpaka kona. Kibanda chake nilikiona, mlango uko wazi. Nikafikiri: ataingia, atatazama, dakika moja atajua. Atasema, nani huyu aliyeunganisha? Mimi, niliyelipua nusu ya nchi hii bila kosa, kijana atanicheka mbele ya rafiki yangu anayekufa. Nikasema, kesho. Kesho nitakuwa nimepata maneno. Nikakaa kwenye jiwe la pale bombani, nikarudi, nikairudisha spika mahali pake, nikamwambia Tseko sikumkuta. Akauliza tena jioni. Asubuhi alikuwa amekwisha kwenda."

"Na jana ulisikia kwamba Pontsho amekamatwa."

"Nilisikia."

"Ukakaa kimya."

"Nikasema ataachiwa Jumatatu, hakuna ushahidi. Nilijiambia hivyo. Mtu akishazoea kusema kesho, mwanangu, mdomo unaendelea wenyewe."

Puseletso akainuka. Alitaka kumkaripia, lakini alikumbuka maandishi ya nani yalikuwa kwenye faili.

"Vaa koti, Ntate. Saa kumi kalamu inafungwa."

*

Kapteni alisaini saa kumi kasoro dakika saba, kofia ya shambani tayari kichwani. Mme Disebo alikuwa amekwisha kuitwa kwa simu kuja kufuta mashtaka, akaja na harufu ya vitunguu mikononi. Akatia saini, akaiweka kalamu chini.

"Nilimtaja kwa mdomo huu huu," alisema. "Sasa nitamwambia nini kwa mdomo huu huu?"

Puseletso akaagiza mlango wa mahabusu ufunguliwe.

Pontsho akatolewa. Alipomwona Sekhobe kaunta alitabasamu, akidhani mzee amekuja kumdhamini. Mzee alisimulia habari ya mashine akiwa amesimama, kofia mkononi, kwa sauti ya chini ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia kwake. Aliposimulia juu ya harufu, Pontsho akatikisa kichwa kifundi.

"Transista za kutolea sauti tu hizo," akasema. "Kazi ya saa mbili. Vipuri ninavyo kwenye kopo. Mngekuja kwangu, Ntate, angesikiliza kabla giza halijaingia."

"Kuna jambo lingine," Sekhobe akasema.

Puseletso aligeukia dirisha, kwani mambo mengine hayahitaji polisi. Lakini masikio hayana mlango. Alisikia mzee akisema maneno ya marehemu kama yalivyotoka, mwite Pontsho, mwambie baba anamwita.

"Alisema jina langu?" Pontsho akauliza.

"Alilisema."

"Mara ngapi?"

"Mchana mara moja. Jioni mara moja."

"Na mlango wangu uliuona uko wazi."

"Niliuona."

Pontsho akachukua mkanda wake kaunta, akauvaa, akakosea tundu, akaufungua, akauvaa tena. Kamba za viatu alizitia mfukoni. Mme Disebo akanyoosha mkono kumshika bega, naye akauacha mkono ukae pale, hakuuondoa wala hakuuegemea.

"Kesho nitayasema mbele ya watu wote," Sekhobe akasema. "Pale kaburini. Yote."

"Waambie la wizi. Hilo ni lao, walinitazama nikipita." Pontsho hakumtazama. "Hilo lingine usimgawie mtu. Umenikalia nalo mwaka mzima, sasa niachie mwenyewe."

"Nisamehe, mwanangu."

"Simama upande wa pili wa kaburi, Ntate. Kwa kesho, nisaidie hivyo tu."

*

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio na moshi wa makaa umelala juu ya Thabong. Puseletso alikwenda bila sare. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemsogezea nafasi, akasimama nyuma karibu na uzio pamoja na wanaume wa klabu waliovaa viatu vya rangi mbili.

Sekhobe alisema aliyoruhusiwa kusema. Alisema kwa sauti yake ya ng'ambo ya reli, kwamba mashine aliichukua yeye, kwamba kijana hakuwa na hatia, na watu wakaguna, na Mme Keneuwe akatangaza kwamba tangu mwanzo mwendo ule alikuwa na wasiwasi nao. Kisha mzee akazunguka akasimama upande wa pili, peke yake, kofia kifuani.

Mchungaji alimaliza sala. Pontsho akaenda mbele, akaishika shuka nyeupe kwa mikono miwili, akaivuta mara moja. Jiwe likatokea, jeusi, jina la Tseko Ramathe limechongwa juu yake.

Kwa desturi mtoto huongea kidogo hapo: hushukuru wageni, hutaja ukoo, huwakaribisha nyumbani kula. Watu wakangoja. Pontsho alikunja shuka mara nne, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na lile jina.

"Naam, baba," akasema. "Nimekuja."

Waombolezaji wakatazamana, maana hakuna mtu aliyekuwa amesikia akiitwa.